Redio ya valvu inanguruma: nianzie wapi?

Swali: Nimerithi redio ya miaka ya 1950 inayotumia valvu (mirija ya kioo ya kukuza mawimbi ya umeme), ambayo hunguruma mfululizo hata sauti ikipunguzwa kabisa. Je, nibadilishe valvu?

Jibu la 1: Ndugu, valvu ziache kwanza, kwani mara nyingi huwa nzima. Mngurumo wa namna hiyo kwa kawaida hutokana na kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme kwa muda) za kuchuja umeme, ambazo hukauka ndani kadiri miaka inavyopita.

Jibu la 2: Naunga mkono, ila nakusihi usiiwashe tena kwa sasa. Kapasita hizo huweza kubaki na zaidi ya volti 200 hata plagi ikishachomolewa, hivyo ziondoe umeme kupitia rezista (kifaa cha kuzuia mkondo wa umeme), kisha uhakikishe kwa mita ya kupimia volti.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimefungua kifuniko na kuona kapasita moja imevimba, na chini yake pana ukoko mweupe.