Mrejesho: pampu ya trela inayojiwasha yenyewe na hita yenye maji vuguvugu

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu trela ya kulala: pampu ya volti 12 inanguruma kidogo kila baada ya muda hata koki zote zikiwa zimefungwa, na hita inatoa maji vuguvugu tu ingawa moto wa gesi unawaka vizuri.

Aliyesema nianzie shawa ya nje, ubarikiwe. Koki zake zote mbili, ya maji moto na ya maji baridi, zilikuwa wazi. Kilichozuia maji yasitoke ni kitufe cha kwenye kichwa cha shawa pekee. Kumbe maji baridi yalikuwa yanavukia pale hadi kwenye laini ya maji moto. Nimezifunga, sasa sinki linatoa mvuke.

Pampu ilikuwa kesi nyingine. Viungo vyote vikavu, choo hakivuji. Nikafungua vali yake ya kuzuia maji kurudi tangini, nikakuta kipande chembamba cha plastiki kimejikunja kama kucha, bila shaka masalia ya kutoboa tangi. Nimekitoa na kusafisha chujio, imetulia. Mliosema ninunue pampu mpya, mlitaka kunifilisi bure!

Hita bado inachelewa kidogo kuwaka asubuhi. Hilo nitalifuatilia.