Besi ya midi (noti ninazoandika kwenye kompyuta) inasikika kama roboti, nifanyeje isikike kama imepigwa na mtu?

noti_za_usiku:
Wakuu habari zenu. Nina biti iko tempo 100, dramu zimekaa vizuri, kinanda kimekaa, ila besi ndo inaninyima usingizi wiki ya pili sasa. Naiandika kwa mausi, noti nane kila baa (mapigo manne), velositi (nguvu ya kupiga kila noti) zote 100, na kila noti inaishia pale inapoanza nyingine. Nikabonyeza kile kitufe cha hyumanaizi (cha kuzifanya noti zisikike za kibinadamu) kikazitawanya hovyo mpaka tiki 20 (vile vipande vidogo vya muda) mbele na nyuma, ikawa mbaya zaidi, yaani kama mpigaji anajikwaa. Sauti yenyewe ni sampo (sauti zilizorekodiwa) za gitaa la besi la ukweli la nyuzi nne. Nitafute plagini (programu ya sauti) nyingine au kuna kitu nakosea?

nyuzi4:
Plagini iache mkuu, haina kosa. Mi napiga besi miaka mingi na nikisoma ulivyoeleza naona tatizo liko pale uliposema kila noti inaishia inapoanza nyingine. Mpigaji hafanyi hivyo. Mkono wa kushoto ukilegea kidogo uzi unanyamaza, na ule ukimya mdogo kati ya noti na noti ndo unaofanya besi icheze. Watu wanahangaika na noti inaanza wapi, wanasahau inaisha wapi.

Fanya hivi, chukua baa moja tu, usiguse wimbo mzima. Kama programu yako inagawa biti moja, yaani pigo moja la kuhesabu, tiki 480 basi kila noti yako ina tiki 240, na kwa tempo yako hiyo ni milisekunde 300. Noti ya kwanza iache ndefu, ya pili ifupishe mpaka tiki 150 hivi, halafu ile inayotangulia sneya (dramu ya mlio mkali) ikate kabla sneya haijagonga ili sneya ipate nafasi yake. Sikiliza. Hujagusa velositi hata moja lakini utasikia mkono.

Velositi nazo usibahatishe. Wengi tunapiga kwa vidole viwili tunapokezana, cha shahada na cha kati, na havina nguvu sawa, kwa hiyo tofauti inakuja kwa mpangilio sio kwa bahati nasibu. Jaribu 104, 91, 99, 88 uendelee na mtindo huo, noti ya kwanza ya baa ndo iwe na uzito.

besi_chini:
Naungana na nyuzi4 kwenye urefu wa noti asilimia mia. Kwenye vidole viwili ningeongeza kwamba sio sheria, James Jamerson aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za lebo ya Motown alikuwa anatumia kidole cha shahada peke yake na hakuna aliyewahi kusema anasikika kama mashine. Kwa hiyo amua kwanza mpigaji wako ni wa aina gani halafu umfuate huyo huyo mpaka mwisho wa wimbo.

Kingine, fikiria freti (zile sehemu za shingo ya gitaa unapobonyeza uzi). Noti ya A ya chini unaweza kuipata uzi wa A ukiwa wazi au freti ya tano ya uzi wa E, na hazisikiki sawa, ya uzi wazi inang'aa na ya freti ya tano ni nene zaidi. Sampo nyingi nzuri zina namna ya kuchagua uzi, angalia kwenye mipangilio yake. Na usiandike noti ambazo mkono hauwezi kuzifikia, kutoka freti ya kwanza kwenda ya kumi na mbili ndani ya robo ya biti, sikio litagundua hata kama msikilizaji hajawahi kushika gitaa. Halafu chunga velositi za juu sana, kwenye baadhi ya sampo ukikaribia 127 inabadilika kuwa slap kabisa, ile ya kugonga uzi kwa kidole gumba.

mama_gruvu:
Mdogo wangu mimi nikuambie kuhusu taiming maana hapo kwenye tiki 20 ndo ulipojiumiza. Kwa tempo yako hizo ni milisekunde 25 kila upande, sasa noti moja imewahi 25 inayofuata imechelewa 25, hakuna mwanadamu anayepiga hivyo. Mtu akichelewa anachelewa na tabia yake, sehemu zile zile kila baa. Rudisha noti zote kwenye gridi (mistari ya muda ya programu), ile ya biti ya kwanza iache ikae na kiki (dramu nzito ya chini), halafu zile za katikati ya biti zisogeze nyuma tiki 6 au 8 zote kwa pamoja. Basi. Na kama una kibodi ndogo ya midi, imba laini yako kwa mdomo kwanza mpaka ikukae, uipige kwa mkono, kisha ukwantaizi (uzivute noti kwenye gridi) nusu tu, asilimia 50, usifike mia.

noti_za_usiku:
Wakuu nimerudi. Nimekaa na baa moja kama saa nzima nikifupisha noti tu na aisee, nilipokata ile ya kabla ya sneya dramu zenyewe zikasikika kubwa zaidi na sijazigusa. Asanteni sana. Sasa slaidi (kuteleza toka noti moja hadi nyingine) na zile noti za kuzima mnafanyaje?

nyuzi4:
Safi sana! Noti ya kuzima ni fupi mno, velositi 30 hivi, iweke robo ya biti kabla ya noti nzito, na kama sampo yako ina kii maalum ya uzi uliozimwa tumia hiyo. Slaidi fanya kwa pichi bendi (kidhibiti cha kupandisha na kushusha noti), hakikisha kwanza sampo imewekewa bendi ya nusutoni (hatua ndogo kati ya noti) ngapi, mara nyingi ni 2. Na muhimu sana, irudishe bendi sifuri kabla noti inayofuata haijaanza, mimi niliwahi kusahau nikatafuta siku nzima kwa nini kiitikio kiko nje ya tuni.

mama_gruvu:
Slaidi moja kila baa nane inatosha. Na kompresa (ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) usiikaze sana, itakurudishia velositi zote kuwa sawa na kazi yako ya saa nzima itapotea.

noti_za_usiku:
Kumbe, maana nilikuwa nimeikaza sana kabla hata sijaanza kuandika. Naifungua sasa hivi nisikilize tena.