Kompyuta ya ofisini imechoka: RAM, SSD, kadi ya grafiki au ninunue mashine nyingine?

Chuda_Boy
Wakuu habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani ofisini kwangu, imekuwa nzito mno. Naiwasha, nafagia ofisi yote, nafungua na dirisha la mbele, bado haijatulia. Fundi mmoja kasema niongeze RAM, ile kumbukumbu ya muda. Mwingine kasema RAM haina maana, niweke SSD, ile diski isiyozunguka. Jirani wa duka la pili ananiambia hayo yote ni kutupa hela, nitafute mtumba wenye nguvu zaidi. Na kuna kijana anauza kadi ya grafiki, ile ya kushughulikia picha, GTX 1050 Ti, ananihakikishia hiyo ndiyo dawa. Nichukue ipi? Mwisho Ijumaa, maana kadi ina mteja mwingine. Nawasilisha.

Mzee wa Soketi
Mleta mada, umetaja kila kitu isipokuwa kompyuta yenyewe. Ni aina gani? Prosesa gani? Sasa hivi ina RAM kiasi gani? Unaifanyia kazi gani na una shilingi ngapi mfukoni? Bila hayo tutabaki kupiga ramli.

Sindano
Mimi hata sihitaji majibu hayo. Kama bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD. Diski ile kila ikitafuta faili, kichwa chake lazima kisogee juu ya sahani. Faili moja kubwa itasomwa kwa MB 100 hadi 150 kwa sekunde, lakini Windows ikiwaka inaomba vipande vidogo vidogo maelfu, hapo kasi inashuka hadi MB moja au mbili. SSD ya kawaida ya SATA inafika karibu MB 550, na vile vipande vidogo havisumbui. Nimewafungia watu wengi, hakuna aliyerudi kulalamika.

Chuda_Boy
Samahani wakuu. Ni Dell OptiPlex 3020, ile nyembamba. i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski GB 500. Kazi ni stationery: kuchapa barua, kadi za mialiko, na tangu mwaka jana nahariri video fupi za harusi. Bajeti ni laki nne na nusu.

Mama Nuru
Mdogo wangu, kabla hujaigusa hiyo kadi nisikilize, maana mimi pia nahariri harusi na yalinikuta.

Nilikuwa na mashine ya zamani ya ofisini kama yako. Nikanunua kadi yenye tundu lake la umeme la pini 6. Muuzaji akaniambia pawasaplai yangu, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, haitoshi, akanipa nyingine imeandikwa W 500 ubavuni. Niliipokea kwa mkono mmoja, nyepesi kama boksi tupu la viatu. Sikujua kuwa wepesi ule ni dalili. Waya za mazabodi, ile bodi kuu, hazikulingana, fundi akakata, akaunga, akazungushia gundi nyeusi. Ikawaka. Wiki tatu nikafanya kazi kwa raha zote.

Usiku mmoja nimeweka video ya harusi itoke, saa mbili na nusu za picha. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena ndani ya dakika hiyohiyo. Uliporudi mara ya pili nikasikia mlio mfupi kama kuni kavu inapasuka, kisha harufu ya waya ulioungua. Asubuhi fundi mwingine akaifungua ile pawasaplai mbele yangu. Pale ilipochorwa nafasi ya koili ya kuchuja umeme hapakuwa na koili, wameunganisha kipande cha waya tu, kimepita moja kwa moja. Iliondoka na mazabodi, ikaondoka na diski. Picha za bibi harusi anaingia ukumbini zilikuwa humo peke yake. Nilikwenda nyumbani kwao mwenyewe kuwaambia. Mama yake hakusema neno, aliinuka akaingia chumbani.

Kwa hiyo ukiniuliza kifaa cha kwanza, nitasema pawasaplai ya maana na UPS, ile yenye betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Mengine baadaye.

Mzee wa Soketi
Pole sana dada. Na niongezee jambo linalomhusu mleta mada moja kwa moja: 3020 haitumii ile plagi ya kawaida ya pini 24. Dell waliweka yao ya pini 8 kwenye mazabodi. Pawasaplai ya dukani haiingii bila adapta. Ya kwake nyembamba ni W 255, nayo ukiiacha kama ilivyotoka kiwandani inajitosheleza.

1050 Ti nyingi zinakula W 75 kutoka kwenye mlango wa PCIe, ile nafasi ya kadi kwenye bodi, bila waya wa ziada, kwa hiyo si kwamba haiwezekani. Ila kasha lako ni jembamba, linataka kadi ya kimo kifupi. Mwulize huyo kijana urefu wa kile kibati cha nyuma. Kama ni kirefu, kasha halifungi, na biashara imeishia hapo.

MtuWaBara
Mbona mnamzungusha? Kizazi cha nne ni 2013 hadi 2014. Windows 10 Microsoft walifunga masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha nane. Leo ataweka laki tatu kwenye mashine ambayo mlango wake umeshafungwa. Aongeze kidogo achukue mtumba wenye i5-8500: kori sita badala ya nne, RAM ya DDR4 iliyokuja baada ya DDR3, na nyingi zina nafasi ya M.2 kwa SSD ya NVMe, ile ya kasi kuliko ya SATA. Kwa video tofauti ataiona siku ya kwanza.

Sindano
"Aongeze kidogo" ni shilingi ngapi mkuu? Amesema laki nne na nusu. Na bei za RAM tangu mwishoni mwa 2025 zimepanda vibaya, viwanda vinakimbilia kulisha vituo vya data vya akili mnemba. Huo mtumba akiupata utakuja na GB 8, na kuongeza DDR4 itamuuma. DDR3, ambazo ndizo za mashine yake, bado zinapatikana kwenye mashine zilizovunjwa, bei nafuu.

MtuWaBara
Nafuu leo. Baada ya mwaka atarudi hapa na uzi mwingine.

Fundi wa Ngamiani
Habari za usiku wakubwa. Chuda_Boy, mimi niko hapahapa Tanga. Kabla ya kununua chochote, lini mara ya mwisho mashine hiyo ilifunguliwa? Hewa yetu ina chumvi. Naletewa mashine "mbovu", nachomoa RAM, zile meno za dhahabu zimefifia zimekuwa kama shaba ya zamani. Nasugua taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, napuliza, narudisha mpaka vishikio vya pembeni vilie "ta", inawaka. Angalia na feni ya prosesa. Vumbi likishikamana na unyevu linakuwa kama blanketi, prosesa inapata joto, inajipunguzia kasi yenyewe, wewe unadhani imezeeka.

Mzee wa Soketi
Ufutio sikubaliani nao, fundi. Unakwangua dhahabu, na ile dhahabu ni tabaka jembamba mno. Tumia spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Fundi wa Ngamiani
Miaka mingi naufanya mzee wangu, na sijaua RAM hata moja. Spiriti inayouzwa mitaani ina maji, hiyo ndiyo inayoleta kutu. Ila ukipata ile kavu kabisa, nakubali ni bora.

Mama Nuru
Mnajadili ufutio, UPS hamjaigusa. Stabilaiza haitoshi jamani. Inanyoosha umeme unaopanda na kushuka, lakini ukikatika inazima na wewe.

Mzee wa Soketi
Ni kweli dada. Chuda_Boy, fanya jambo moja la bure leo. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, angalia nani amefika mwisho: diski, RAM au prosesa. Kisha weka CrystalDiskInfo uone afya ya diski. Ukiamua RAM, bodi yako ina nafasi mbili tu na mwisho wake ni GB 16, kwa hiyo chukua mbili za GB 8 zifanane, zisome sambamba. Hakikisha ni DDR3 ya mezani, pini 240. DDR4 ina pini 288 na pengo lake liko mahali pengine, usijaribu kuilazimisha.

Chuda_Boy
Nimerudi wakuu. Diski inakaa 100 muda wote, hata nisipofanya kitu. RAM 89. Prosesa inacheza kwenye 20. Ile programu imeonyesha alama ya njano, saa za kuwaka elfu 31 na ushee, na mstari wa sekta zilizohamishwa una namba. Hiyo ina maana gani? Kadi yule kijana ameshaiuza.

Mzee wa Soketi
Diski inakufa. Acha kuhariri. Nakili kila kitu cha wateja usiku huu, anza na vile usivyoweza kupiga tena.

Mama Nuru
Usiku huu mdogo wangu, usisubiri asubuhi. Video za harusi kwanza.

Chuda_Boy
Nina flashi ya GB 64 tu. Video ni kama GB 210.

Fundi wa Ngamiani
Nina diski ya nje ya TB 1 hapa, nakuazima. Nitumie ujumbe wa faragha, naweza kukuletea mpaka Chuda na pikipiki.

MtuWaBara
Sasa mnaona? Hiyo hela ya SSD aiweke kwenye i5-8500 moja kwa moja.

Sindano
SSD akinunua leo anaihamishia kwenye mashine yoyote kesho. Haipotei.

Kipepeo_22
Nje ya mada kidogo wakuu, nimesoma uzi wote. Nina 3020 nyembamba kama hiyo, pawasaplai imekufa. Kuna mwenye ya Dell yenyewe, iliyotoka kwenye mashine iliyovunjwa? Niko Muheza.