Tanga: nimelipia rangi ya poda kwenye rimu, inabanduka, halafu fundi ananiambia ni bahari!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo herufi kubwa mtanivumilia.

Nina Toyota IST, rimu za aloi zilizokuja nayo kutoka Japani. Zilikuwa zimechoka, pembeni zimekwaruzika, nikaona nizipe uhai. Hapa mjini kuna sehemu wanajitangaza kwa rangi ya poda, ile ya unga unaookwa kwenye oveni: haibanduki, haipauki, miaka mitano hujui shida. Tukakubaliana laki tatu na ishirini kwa rimu nne, na ndani ya bei hiyo, kwa maneno yao wenyewe, kuna kutoa rangi ya zamani na kupiga mchanga, yaani kuurusha kwa upepo mkali mpaka chuma kibaki tupu. Risiti ya EFD nikadai, mashine "mbovu". Nikapewa karatasi ya mkono, lakini namshukuru Mungu imeandikwa wazi: "kupiga mchanga na poda, rimu 4". Karatasi hiyo ninayo.

Siku ya kuchukua zilipendeza, hilo sikatai. Nyeusi tii, hata jirani akauliza nimenunua mpya.

Masika hayajaisha, malengelenge yameanza kuzunguka matundu ya nati. Kisha kwenye ukingo ikatokea mistari myembamba inayojipinda chini ya rangi, ukiikwangua unatoka unga mweupe. Hiyo ni kutu ya aluminiamu: chumvi na unyevu vikipata upenyo mmoja tu, vinatambaa kati ya rangi na chuma, huku juu unaona rangi iko salama.

Sasa sikieni kilichonimaliza. Nimepata pancha, nikaenda kwa kijana wa pancha Ngamiani. Alipotia chuma kubandua tairi, rangi ikatoka kipande kizima, kama ganda la yai la kuchemsha. Chini yake kuna nini? Rangi ya fedha ya kiwandani kule Japani, na laka yake juu (ule utando wa uwazi unaokinga rangi), INANG'AA. Haikuguswa hata na msasa, achilia mbali mchanga! Yule kijana akacheka, akaniita nije nione mwenyewe. Kumbe poda imemwagwa juu ya laka, ikaokwa, mteja akapigwa.

Nikarudi kwao na rimu mkononi. Fundi hata hakuishika.

"Kaka, hiyo chumvi. Hapa pwani bwana, utafanyaje?"

Jamani! Bahari haikuhamia Tanga juzi. Wakati unapokea hela yangu ilikuwa palepale. Sikatai kuwa chumvi inakula, aliyejenga Raskazone anajua nondo za madirisha zinavyoisha. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuandaa chuma vizuri, si sababu ya kuruka maandalizi. Na laka ya Mjapani iliyokaa chini ya poda yao, mbona bahari hiyohiyo haikuibandua?

Nikamuuliza poda yake ni epoksi au poliesta. Akanijibu, "Ni orijino." Wakuu, nilikosa la kusema. Epoksi inashika chuma vizuri sana ila jua linaipausha, inaanza kutoa vumbi, haifai kuwa rangi ya juu ya kitu kinacholala nje. Ya nje ni poliesta. Mtu anayeuza kazi hii halijui hilo, anajua "orijino".

Na msidhani poda yenyewe ndiyo mbaya. Ikifanywa sawasawa ni ngumu kuliko rangi ya kupuliza ya kawaida. Ni unga mkavu unaotiwa umeme ili ung'ang'anie chuma, kisha unayeyuka na kukomaa kwenye oveni, mara nyingi nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20. Dakika hizo zinahesabiwa tangu CHUMA CHENYEWE kifike joto hilo, si hewa ya ndani ya oveni. Rimu ni nene, inachelewa kupata moto kuliko bati. Ukiitoa mapema inang'aa vizuri tu, ila haijaiva. Niliisugua yangu kwa kitambaa chenye thina, kitambaa kikawa cheusi na rangi ikalainika. Mbichi!

Kabla ya hapo rangi ya zamani ilitakiwa itoke yote, mchanga upigwe, mafuta yaoshwe, chuma kipitishwe kwenye dawa ya kuzuia kutu. Halafu rimu ya kusubu, yaani ya kumiminwa ikiwa uji wa moto kwenye kalibu, ina vitundu vyenye hewa ndani, inapashwa moto kwanza hewa itoke, la sivyo inakuja kutoboa rangi ndani ya oveni. Hatua zote hizo hazionekani siku ya kuchukua gari, ndiyo maana wanaziruka.

Kuna jambo jingine lililonitia hofu kuliko hasara. Wamepiga poda mpaka pale nati inapokalia, na upande wa nyuma unaogusana na habu, pale ekseli inapoishia. Sehemu hizo huzibwa kabla ya kupuliza. Rangi nene chini ya nati inasagika taratibu, nati inalegea. Nimerudi kutoka Muheza gari likitetemeka, nimesimama Pongwe nikashika spana: nati mbili zinazunguka kirahisi. Watoto walikuwa nyuma. Hapo mniambie ni bahari.

Ofa yao ni "tutakupigia nyingine juu, bure". Juu ya hiyo mbichi, iliyo juu ya laka! Nimekataa, nataka hela yangu. Wakiendelea kuzungusha, karatasi yao na kile kipande kilichobanduka navipeleka Tume ya Ushindani, wale wanaolinda walaji.

Na wale wa "ungepiga spreya tu ya elfu kumi" naomba mpite kimya, sijauliza hilo.

Ninachouliza: kuna karakana yoyote Tanga, au hata Dar, inayokubali mteja asimame aione rimu ikiwa tupu, imeshapigwa mchanga, kabla poda haijawekwa? Nipeni eneo na bei. Majina ya mafundi leteni inbox, hapa tusichafuane.