Printa ya USB iingie kwenye mtandao wa ofisi: adapta ya waya, ya vaifai, au kuishea tu?

mkarafuu_wete
Asalaam aleikum wakuu. Ofisi ina printa moja ya USB na sisi tuko sita. Kila mwenye kuchapa anakuja mezani kwangu na fleshi. Nimeona adapta za kuiingiza printa kwenye mtandao, ipo ya waya na ipo ya vaifai. Au niishee tu kutoka kompyuta yangu? Mzigo unatoka Unguja na boti ya kesho, nichukue ipi?

fundi_darajani
Waaleikum salaam. Printa gani, sheikh? Kompyuta zina Windows gani? Bila ya hayo tunapiga ramli.

bahari_njema
Ya waya, usijiulize mara mbili. Adapta nyingi za vaifai zinashika 2.4 GHz tu, na ukuta mnene wa mawe na chokaa unaimeza sehemu kubwa ya ishara. Kebo ya USB mwisho wake mita 5, waya wa mtandao unakwenda mita 100. Adapta ikae mgongoni mwa printa, waya ndio utembee mpaka kwenye rauta.

mkarafuu_wete
Windows 10 na 11, zimechanganyika. Rauta ina matundu manne, mawili hayana kitu. Printa ni HP ndogo, ya wino mweusi.

fundi_darajani
"HP ndogo" si jina. Igeuze usome kibandiko.

chumvi_chumvi
Yoyote utakayonunua, usiiache ijiokotee anwani. Kuna ofisi moja hapa Mjini adapta iliachwa kwenye DHCP, yaani rauta ndiyo igawe anwani. Umeme ukikatika na kurudi, adapta inawaka kabla ya rauta, inakosa wa kumuuliza, inajipa anwani ya kubuni inayoanza na 169.254. Kompyuta zinasema printa haipo. Karani anaizima na kuiwasha, inapata anwani mpya, naye anaongeza printa upya. Kompyuta moja ilikutwa na printa saba za jina moja, "nakala 2", "nakala 3", na inayochapa ni moja tu. Kazi zote za zamani zimelala kwenye foleni za zile sita.

Dawa yake: chapa ukurasa wa setingi kwa kubonyeza kitufe cha adapta, uone anwani iliyotoka nayo dukani. Ipe laptopu anwani ya familia hiyo hiyo, ingia kwa brauza, andika ya kudumu, mfano 192.168.1.50, maski 255.255.255.0, iwe nje ya zile anazogawa rauta. Kwenye Windows ongeza printa kwa anwani ya TCP/IP (hiyo ya mtandao), poti 9100, mlango wa kupokelea kazi za kuchapa. Ikiwa adapta inataka LPR (njia nyingine ya kupeleka kazi, kwa jina la foleni), jina la foleni liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye ule ukurasa. Kisha ondoa alama ya SNMP (njia ya Windows kuiuliza printa hali yake) kwenye setingi za poti, la sivyo printa itaonekana imezimwa na huku iko macho.

bahari_njema
Bora anwani ifungwe kwenye rauta kwa namba ya MAC, ile ya kifaa chenyewe. Zote zinakaa pahala pamoja.

chumvi_chumvi
Mpaka kampuni ije ibadilishe rauta, na orodha yako iondoke nayo.

bahari_njema
Na rauta mpya ikija na 192.168.8.1, hiyo 1.50 yako itaongea na nani?

mkarafuu_wete
Nimeigeuza. LaserJet 1020.

fundi_darajani
Simamisha oda! 1020 haihifadhi programu yake ya ndani. Kila ikiwashwa, draiva huipelekea upya kupitia USB. Ukiiweka nyuma ya adapta, Windows inatuma kazi kwenye poti 9100 tu, programu haifiki, karatasi haitoki. Adapta nzima, waya mzima, printa kimya.

bahari_njema
Raspberry Pi (kompyuta ndogo kama kiganja) yenye CUPS, programu ya kuchapia ya Linux, na draiva ya foo2zjs inaipelekea programu hiyo yenyewe.

fundi_darajani
Na kadi ya SD ikifa kwa umeme wa kukatika-katika, Wete ataifufua nani? Aishee kwenye kompyuta. Programu inapelekwa na kompyuta hiyo hiyo, mambo yamekwisha.

zuwena_mtandao
Hayajesha. Tangu masasisho ya Septemba 2021 watu wanakutana na kosa 0x0000011b wakiunga printa ya kushea. Sasisha kwanza mashine zote, ya printa na za wengine. Ikigoma, weka draiva kwenye kila kompyuta, halafu ongeza poti ya ndani uiite \\KARANI\LJ1020, yaani jina la kompyuta yenye printa, kisha jina la printa iliyoshewa. Watakaokwambia uzime ulinzi kwenye rejista ya Windows, waache. Na kompyuta yenye printa izuiwe isilale.

mkarafuu_wete
Ahsante bi Zuwena. Lakini yangu ni laptopu, saa tisa naondoka nayo.

fundi_darajani
Hilo ungelisema mwanzo! Hakuna kompyuta ya mezani?

mkarafuu_wete
Ipo ya mapokezi. Ina Windows 7, ile isiyosasishwa tena.

chumvi_chumvi
Lahaula.

bahari_njema
Ndiyo nikasema Raspberry Pi.