Naomba ushauri: kuboresha pikapu ibaki na sura ya kiwandani

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Hilux ya kabini mbili na napenda sana mwonekano wake wa asili. Nataka kuongeza vitu vichache vinavyoonekana kana kwamba vilitoka nayo kiwandani; matairi yanayochomoza nje ya bodi siyataki.

Ngazi za pembeni nimeshafunga kwa matundu ya boliti yaliyokuwepo kwenye chesisi, zimekaa vizuri mno. Taa sijazigusa, maana balbu za LED kwenye taa iliyoundwa kwa halojeni humwaga mwanga ovyo na kumpofusha anayekuja mbele.

Nimekwama kwenye kuchagua kinga ya kulinda bati la sehemu ya mizigo. Ganda la plastiki la kutandika hutoka kirahisi, lakini mchanga na maji hunasa chini yake, rangi inasuguliwa mpaka kutu inaanza. Kinga ya kupuliza kama rangi hushikana na bati, ila kuiondoa baadaye ni kazi kubwa. Mimi hubeba mbao na mifuko ya saruji, mawe hapana.

Kwa mzigo huo nichague ipi? Na je, kifuniko laini cha kukunja kikifungwa kwa vibano tu, bila kutoboa bodi, kinazuia mvua kweli? Waliowahi kukitumia naomba mnijuze.