Pumba za mpunga juu ya dari zinazuia baridi kweli? Nipo Makambako

mbena_mpya: Kamwene wakuu. Nimehamia kwangu mwezi wa tatu, nyumba ya tofali za kuchoma, bati, dari bado maana hela ilikata. Sasa hii baridi ya mwezi wa saba ni balaa, asubuhi bati linadondosha maji mpaka kwenye blanketi la mtoto, mke wangu anaishia kuingiza jiko la mkaa chumbani. Nikipita Igawa naona majani ya mpunga yanachomwa tu shambani, na Ubaruku mashineni pumba ni vilima. Nasikia kuna nchi wanajenga kabisa kwa marobota ya majani, nikawaza niyapange kwa ndani ya ukuta nipige lipu. Au nitaozesha nyumba?

fundi_uyole: Mkuu kwanza hilo jiko litoe leo leo. Mkaa chumba kikiwa kimefungwa unatoa gesi haina harufu, watu wanalala hawaamki, nakuomba sana. Pili ukuta achana nao, joto lako linapanda linakuta bati tupu linapotea. Piga dari, tandika nailoni, mwaga pumba kavu sentimita 15 hivi na usishindilie, kinachozuia baridi ni ile hewa iliyonasa katikati. Ila mbao za dari zikae karibukaribu, uzito wa pumba ni kama kilo 15 kila mita ya mraba.

mama_wawili_mafinga: Nakazia KAVU. Mi nilitumia maranda ya kiwandani huku, yalikuwa bado mabichi, miezi miwili dari nzima ukungu watoto wanakohoa, nikayashusha yote kwa ndoo. Pumba ni afadhali, zina silika nyingi (madini kama ya mchanga) haziozi upesi. Majani panya watazaa humo.

mzee_wa_usangu: Hayo marobota yalianzia Nebraska huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1800, miti ilikuwa shida na mashine za kufunga majani zimefika. Lakini kule robota ndio ukuta wenyewe, msingi umeinuliwa, paa limetoka nje vizuri, lipu ya udongo au chokaa ili unyevu utoke. Wewe ukiliweka ndani ukapiga simenti unyevu hauna pa kutokea, na robota lina upana karibu nusu mita, chumba kitabaki nini? Ukitaka ukuta usaidie kidogo, kanda udongo na majani yaliyokatwakatwa upige kwa ndani, majani yanazuia nyufa.

mbena_mpya: Asanteni sana wakuu, jiko limetoka. Je yale maji ya bati hayatalowesha pumba? Na moto?

fundi_uyole: Yatalowesha ukiziba juu. Acha matundu pembeni chini ya paa uweke wavu wa panya, upepo upite kati ya pumba na bati. Moto, pumba haziwaki kwa fujo ila zinafukuta kimyakimya, kwa hiyo nyaya zote ndani ya paipu, taa zisizame kwenye dari. Anza na chumba cha mtoto, gunia za pumba beba siku ya jua.

mbena_mpya: Jumamosi naenda Ubaruku. Nitaleta picha.